Makofi kwa Kadi Mbovu

Washereheshaji wa harusi hapa Dar es Salaam wana kazi moja kubwa, nayo ni kusifu. Bwana harusi hata akivaa koti la kuazima lililommeza mpaka vidoleni, ataitwa mtanashati wa mwaka. Mama mkwe aliyenuna tangu kanisani ataambiwa anameremeta. Mimi na kamera yangu tumekaa pembezoni mwa masifu hayo miaka mingi, na nimegundua kuna mmoja ukumbini ambaye hajawahi kupigiwa makofi hata siku moja, ingawa harusi nzima imo tumboni mwake. Naomba kipaza sauti leo. Nataka kuisifu memori kadi, tena si kadi yoyote tu. Nataka kuisifu ile mbovu.

Kwa desturi msifiwa huanziwa ukoo, na wa kadi si wa kuonea haya. Babu yake ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba kule Japani, ambaye mwaka 1984 alitangaza kumbukumbu ya aina mpya inayoweza kufutwa kwa mkupuo mmoja. Mwenzake, Shoji Ariizumi, akaona kule kufutika kwa ghafla kunafanana na mmweko wa kamera, akapendekeza iitwe flashi. Angalia basi: kabla haijaingia kwenye kamera yoyote ilikuwa imeshapewa jina la kikamera, na jina lenyewe limetokana na kufuta. Asije mtu akasema hatukuonywa. Masuoka naye hakushangiliwa vya kutosha. Mwaka 2004 aliishtaki Toshiba akidai yeni bilioni 1 kwa uvumbuzi wake, na mwaka 2006 wakamalizana kwa milioni 87. Kutothaminiwa ni ugonjwa wa familia.

Kadi yenyewe ya SD, hii bapa tunayoichomeka sisi, ilitangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Matsushita na Toshiba. Urefu milimita 32, upana 24, unene 2.1, uzito kama gramu 2. Gramu mbili! Na Jumamosi ninayotaka kuisimulia, gramu hizo mbili zilikuwa zimebeba wapambe kumi na wawili, kwaya mbili, keki ya ghorofa tano, na ukoo mzima uliokuja na basi kutoka Moshi.

Tulikuwa Tabata, saa nne kasorobo usiku. Ndafu ndiyo kwanza inaingia: mbuzi mzima wa kuchomwa, amesimamishwa kwa miguu yake minne juu ya meza ya magurudumu, majani mabichi mdomoni, wapishi wanacheza nyuma yake. Shangazi wa bwana harusi, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati bila kuchaguliwa na mtu, akanivuta mkono. "Mwanangu, nipige mimi na ndafu." Nimeshampanga vizuri, mara akajipenyeza baba mdogo mmoja ambaye kamati nzima ilimfahamu kwa ubaya: hakuchanga hata shilingi, na alikuwa amekuja na watu wanne. Akajibanza kushotoni kwa shangazi, sahani mkononi. Shangazi akatabasamu kwa nusu ya mdomo, ile iliyo mbali naye. Nikaisimamisha kamera wima, nikabonyeza.

Kile kitaa chekundu kinachowaka kadi inapoandikwa kikawaka. Kikaendelea kuwaka. Nikahesabu mpaka ishirini, na ndafu ikaanza kukatwa. Kisha kioo kikaniambia kwamba kadi haisomeki.

Wenzangu wengi hapa huanza kutukana. Mimi nasema hapa ndipo panapostahili vigelegele, na nitaeleza kwa nini.

Desemba 2013, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Andrew Huang na Sean Cross walionyesha jambo ambalo wauza kadi hawalitangazi: ndani ya kila kadi, ukiacha kumbukumbu yenyewe, kuna kompyuta ndogo inayoisimamia. Tuiite karani. Karani huyo hakuwekwa kwa anasa. Kumbukumbu ya flashi hutoka kiwandani ikiwa na kasoro zake, na ndiyo maana ni rahisi. Kuitengeneza isiyo na doa kungegharimu fedha nyingi. Kila chembe yake hutunza chaji ya umeme nyuma ya ukuta mwembamba mno, na kila ukiandika na kufuta ukuta unazidi kuchakaa. Kwa hiyo karani anazunguka humo ndani usiku na mchana. Anazijua sehemu zilizooza, anazikwepa, anahamisha mizigo kutoka penye dalili, anakokotoa tarakimu iliyokosewa na kuirudisha ilivyokuwa. Kamera ikiuliza hali, anajibu, "Shwari, bosi." Ile kadi unayoisifia kwa wenzako kwamba haijawahi kukuangusha ni uongo mmoja mrefu wenye nia njema.

Kadi mbovu ni ile ambayo karani wake amechoka kudanganya.

Sasa hebu uangalie ukumbi ule. Mshereheshaji alikuwa anamwita mbuzi "keki ya asili". Baba mdogo alikuwa anaeleza meza ya saba jinsi alivyohangaikia harusi hii. Bibi harusi alikuwa anasema viatu havimbani. Watu mia tatu, na aliyesema kweli kuhusu hali yake alikuwa mmoja, wa gramu mbili, na sifa aliyoipata ni kuchomolewa na kupelekwa chooni.

Ndiyo, chooni, maana huko ndiko kulikokuwa na taa nyeupe. Nikafanya yote ambayo mtu mzima hufanya akiwa na hofu. Nikaipuliza. Nikaifuta kwa shati. Nikaangalia kile kikufuli cha pembeni, na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu kikufuli hicho ni kichekesho cha pekee. Hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Kamera ndiyo inayokipapasa, ikikikuta kimeshuka inaamini kadi imefungwa. Ndiyo maana kikilegea kwa uzee, kadi nzima hukataa kuandikwa, na kipande cha utepe wa gundi kilichobandikwa mahali pake huiponya. Changu kilikuwa mahali pake. Nikatoa raba ya penseli, nikasugua zile njumu zenye rangi ya dhahabu taratibu, kwa sababu uchafu na jasho la vidole huko huwa kisa cha matatizo mengi kuliko tunavyokubali. Nikairudisha. Haisomeki. Mtoto mmoja aliyekuwa ananawa akaniuliza kama ile ni laini ya simu.

Kwa bahati nilikuwa na kadi ya akiba, na harusi ikaendelea. Yaliyopotea, kama yalikuwa yamepotea, ni kuanzia kanisani mpaka kwenye ndafu. Yaani kila kitu.

Nyumbani, saa nane usiku, kompyuta iliniuliza kwa upole wa muuza bima kama ningependa kuifomati kadi. Nilipokataa, ikaniuliza kama ningependa iikague na kuirekebisha. Hilo niliwahi kulikubali zamani kwa kadi nyingine, ikaniachia folda iitwayo FOUND.000 iliyojaa mafaili ya CHK, mithili ya mtu uliyemwomba akupangie kabati akakurudishia nguo zote zimefungwa kwenye mifuko myeusi. Nikafunika kompyuta, nikalala na wasiwasi wangu.

Jumapili nikaenda Sinza kwa binti mmoja anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda cha vioo. Hakushtuka hata kidogo.

"Kaka, umepiga picha nyingine humu baada ya kugoma?"

"Hapana."

"Basi umejitahidi. Wengi huja wameshaimaliza."

Akabadilisha kadi rida kwanza, maana kuna kadi nyingi zimezikwa zikiwa hai kwa sababu ya kadi rida mbovu. Kompyuta ikaiona kadi, lakini tupu, kana kwamba hapajawahi kuwa na harusi. Hakugusa kitu. Akaanza kuinakili kadi nzima, chembe kwa chembe, iwe faili moja kubwa kwenye diski yake. Mahali pasiposomeka anaparuka, anaendelea mbele, kisha anaparudia mwishoni. "Mgonjwa hakimbizwi," alisema. "Tunahangaika na nakala. Yeye anapumzika."

Wakati inanakiliwa akanieleza, nami nikaelewa kwa mfano wa duka la jirani yangu. Duka lina shehena kwenye rafu na lina daftari la kuonyesha kipi kiko wapi. Kadi nayo ina daftari lake. Ukifuta picha, kamera haiendi kwenye rafu kutoa mzigo. Inachora mstari kwenye daftari na kuandika kwamba nafasi iko wazi. Hata kufomati, kwa kamera nyingi, ni kufungua daftari jipya tu. Mzigo unabaki palepale mpaka siku utakapowekewa mwingine juu yake. Kadi yangu ilikuwa imelowanisha daftari. Mchele, sukari na sabuni vilikuwa rafuni. Ndiyo maana aliniuliza lile swali la kwanza: kila picha ninayoongeza ni gunia jipya linalotafuta pa kukaa bila kujua nani amekaa hapo.

Kisha akawasha PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, ambayo sifa yake ni kwamba daftari haina haja nalo. Inatembea rafu hadi rafu ikitafuta sura inayoifahamu. Picha ya JPEG huanza na alama zilezile siku zote, FF D8 FF, kama vile kila mgeni wa pwani anavyoanza na hodi. Ikiisikia hodi, inafungua mlango na kumtoa aliyemo.

Walitoka wengi. Walitoka bila majina, maana majina yalikuwa kwenye daftari. Kila mmoja akaitwa kwa herufi f na msururu wa tarakimu. Na hapa kadi ilinionyesha ukarimu ambao sikuuomba: karibu theluthi yao hawakuwa wa harusi ile. Nilikuta kipaimara. Nikakuta sendofu ya mwaka juzi, na kadi niliyoifomati mara sijui ngapi ikanirudishia bwana harusi mmoja akimlisha keki mkewe kwa upendo mkubwa, watu ambao kwa habari nilizonazo sasa hivi wanasalimiana kupitia mawakili. Niliapa kwamba nimezifuta. Kadi ilinijibu kwamba niliiambia iandike nimezifuta, jambo ambalo ni tofauti.

Jumatatu asubuhi shangazi akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha vipi?"

"Zipo zinasafishwa, mama."

Neno la enzi za filamu. Kwenye kadi hakuna cha kusafishwa, yeye anajua, mimi najua, ila lilinipa siku tatu.

Nisije nikaonekana nasifu kila kadi. Kuna ndugu yao mmoja ambaye sitamsimamia hata kwa posho: yule anayeuzwa bei ya kutupa, ameandikwa GB 128 mgongoni na tumboni ana 8. Karani wake hajachoka. Amefundishwa tangu mwanzo kutaja nafasi isiyokuwapo. Picha za mwanzo zinakaa, zinazofuata anazipokea kwa tabasamu na kuzimeza, wala kamera haigundui mpaka ufike nyumbani. Dawa yake ni kumjaza kabla ya kazi kwa programu kama H2testw au F3, inayoandika vitu vinavyojulikana mpaka pomoni na kuvisoma tena kimoja kimoja. Niliwahi kumfanyia hivyo mmoja niliyemnunua Kariakoo. Muuzaji akaniambia kwamba shida ni kompyuta yangu.

Kadi yangu mimi sikuirudisha kazini. Binti wa Sinza aliifomati, akaijaza, ikakosea mara tatu, akaichora X kwa kalamu nyekundu. Iko nyumbani ndani ya kopo la plastiki la filamu alilonirithisha aliyenifundisha kazi, naye aliwahi kuniambia kwamba wakati wao lawama zote zilikuwa za mtu wa chumba cha giza. Mpiga picha wa vita Robert Capa alipiga picha za kutua kwa majeshi Normandy Juni 6, 1944, zikabaki chache tu, na kwa miaka mingi simulizi ilikuwa kwamba kijana wa maabara London alizikausha kwa joto kali zikayeyuka. Baadaye wachunguzi wakaitilia shaka habari hiyo. Kijana hakuwa na njia ya kuonyesha taa nyekundu.

Albamu ilikuwa tayari wiki ya pili. Nilipeleka mwenyewe. Shangazi akavaa miwani, akafunua kurasa polepole, akitaja watu na makosa yao. Akafika kwenye ndafu.

Ile picha ya mwisho nilikuwa nimeiweka kwa unyonge, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Karani alizima katikati ya kuiandika. Picha ya JPEG hufunguka kuanzia juu kwenda chini, na sehemu isiyofika huwa kijivu. Lakini kamera ilikuwa wima, kwa hiyo ile "chini" ikaangukia ubavuni. Kushoto alikuwepo shangazi, kamili, na mbuzi wake. Kulia palikuwa na ukuta wa kijivu, ulionyooka kama umekatwa kwa wembe. Kwenye ukingo wake palichungulia nusu ya sahani na vidole vinne.

Shangazi aliitazama kwa muda mrefu. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Kumbe hiyo mashine yako inajua na nani hakuchanga?"

"Kamera haijui, mama," nikamwambia. "Kadi ndiyo."

Akaulizia bei ya kuikuza iwe ya sebuleni.