Rambirambi kwa Mrithi wa CDA

Kwa Halmashauri Tukufu ya Jiji la Dodoma,

Sisi wa Gulwe, tulio raia wa Mpwapwa na wala si wako bado, tunakuletea rambirambi, ijapokuwa zimechelewa, kwa kufiwa na tajiri aliyekuachia ardhi, majalada na kesi, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo hata asiyejua herufi aliiita CDA.

Hapana mwenye milki katika nchi hii aliyekuwa na nasaba kama ya marehemu. Matajiri wengine hutaabika miaka mingi wakitafuta sahibu serikalini, wakichangia harambee na kuwahi viti vya mbele misibani. Yeye alizaliwa kwa amri ya Rais mwaka 1973, mara TANU ilipokata shauri kuyatoa makao makuu Dar es Salaam, na wataalamu wa Kanada wakamchorea ramani ya mji mwaka 1976, hata Mgogo aliyelala ndani ya tembe yake hali ni mwenye shamba, akaamka akaambiwa ni mvamizi. Marehemu alikuwa mwenye ardhi, mpimaji, mgawaji, mtoa kibali cha kujenga na mwenye tingatinga, kwa hiyo mnyonge aliyekwenda kumshitaki alimkuta dirishani yeye yule, akamwambia arudi Jumatatu. Ardhi akaikodisha kwa miaka 33, na hali kwingineko hati ya miaka 99 si ajabu. Yamkini aliona aushi ya mtu wa Dodoma ni fupi.

Tarehe 15 Mei 2017, Rais Magufuli akatia saini, na tajiri akafariki siku ile ile pasipo kuugua. Nawe ukarithi kabla hujaitwa Jiji, jina ulilotunukiwa mwaka uliofuata.

Sasa haja yetu. Twasikia mji wako wanenepa, na bikoni zina miguu. Lakini huku tunaye mstawishaji wetu, mto Kinyasungwe, asiyejuana na waziri hata mmoja. Hupima usiku, huvunja bila notisi, na habari ya fidia haijui. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 aliichukua reli baina ya Kilosa na Gulwe, ndipo wakubwa walipouliza anakaa wapi, kwa kuwa reli ina wenyewe. Shamba la uwele, likichukuliwa, huulizwa na mke wa mkulima tu.

Basi ukitujia na kamba zako za kupimia, twakusihi uanze kwake. Mpe mto hati ya miaka 33, umtoze pango la ardhi, na akichelewesha malipo, mpelekee tingatinga mwezi wa Januari, wakati anapokuwa nyumbani.

Sisi tulio watiifu,
Wapangaji wa Kinyasungwe,
Gulwe