Kopo Linalookoa Dunia

Hongera, dada mwenye duka la siagi ya mwili. Umeamua kuokoa dunia, na bahati nzuri vifaa vya kuiokolea vinauzwa kwa jumla kule Guangzhou: vikopo vya kioo vyenye vifuniko vya mwanzi, kila kimoja kimeviringishwa plastiki ya mapovu kisije kikapasuka njiani. Hebu fungua kifuniko uchungulie ndani. Mwanzi ni koti tu. Anayefanya kazi ni plastiki.

Kioo kizito? Ipo plastiki ya mahindi, eti inaoza yenyewe. Inaoza, tena vizuri, ndani ya mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi. Jalala la mtaani kwako liombe lipate homa.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara mwezi Juni 2019, ulitii kwa moyo mweupe. Ukahamia mfuko wa kaki na kamba ya katani. Ndani ya kaki kuna boksi, ndani ya boksi nyasi za karatasi, ndani ya nyasi kadi ya shukrani yenye picha ya jani, na chini kabisa, kwa anayejua kufukua, gramu 30 za mafuta ya nazi.

Mama wa sokoni anayauza mafuta hayohayo bila nembo ya kijani wala kadi. Yeye huuliza tu, "Chupa umekuja nayo?" Na ikiwa chafu, anakurudisha ukaioshe.