Barua kwa Benki Iliyosahau Kila Kitu Isipokuwa Deni

Kwa Mkuu wa Idara ya Urejeshaji Madeni,
Benki (jina nimelisitiri, ninyi ni watu wa heshima),
Nairobi.

Mheshimiwa,

MINT: SHILINGI 14,400,000 MNAZODAI

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, familia haijambo, na kwa mujibu wa magazeti faida yenu ya mwaka jana pia haijambo.

Samansi yenu imenifikia. Iliingia kwenye WhatsApp kati ya ujumbe wa mchango wa matanga na picha ya maua ya kunitakia Jumatatu njema. Kanuni za mahakama zimeruhusu njia hiyo tangu 2020, kwa hiyo silalamiki. Nimefurahi tu kujua kwamba nambari yangu mlikuwa nayo miaka yote hii mliyonyamaza.

Kwa kuwa maafisa wenu wengi wa leo walikuwa shule ya msingi mambo haya yakitokea, niruhusu niwakumbushe. Mwaka 2005 mlinikopesha pesa, nikanunua nyumba ya vyumba vitatu Kitengela. Nilikuwa dereva wa magari ya watalii. Mapema 2008 ghasia za baada ya uchaguzi ziliwafukuza watalii, kampuni ikafunga, nami nikakwama. Mkopo ulipohesabiwa kuwa umeacha kulipika, ulikuwa umebaki shilingi 1,800,000. Mwaka 2010 dalali wenu aliipiga nyumba mnada. Wathamini wenu wenyewe walikuwa wameipa bei ya milioni tatu; ikaenda kwa milioni moja unusu. Siku hizi Sheria ya Ardhi ya 2012 inamlazimu mkopeshaji atafute bei nzuri iwezekanavyo, na nyumba ikienda chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, mahakama huanza kwa kudhania kwamba amekiuka wajibu wake. Hongereni kwa kuwahi kuuza.

Tangu hapo, kimya. Benki Kuu imebadilisha magavana, Bunge limeweka kikomo cha riba mwaka 2016 na kukiondoa 2019, ninyi mmebadilisha rangi za nembo. Leo ndipo mmenikumbuka.

Niliwaomba nyaraka: taarifa ya akaunti, notisi za mnada, hati ya mauzo, ripoti ya uthamini. Mkajibu kwa adabu kwamba rekodi za zamani huharibiwa kulingana na sera yenu, na kwamba mfumo wa kompyuta ulibadilishwa. Mkanitumia ukurasa mmoja. Mstari wake wa kwanza unasema: "Salio lililoletwa mbele: 1,200,000." Limeletwa kutoka wapi, na nani alilibeba, ukurasa hausemi. Kutoka mstari huo riba inapanda juu ya riba, mwezi baada ya mwezi, hadi milioni kumi na nne na ushei. Hii ni sera ya ajabu ya kutunza kumbukumbu: stakabadhi zangu zote zimeteketea, salio lenu halikuungua hata kona.

Sasa twende kwenye hesabu, somo ambalo nilidhani mnafundishwa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kimekuwa kikitumika tangu Mei 2007. Kinasema kwamba mkopo ukishaacha kulipika, riba mnayoweza kudai haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Basi: 1,800,000, na riba isiyozidi 1,800,000, jumla 3,600,000. Ongezeni gharama halali za kudai. Toeni 1,500,000 za mnada. Inabaki 2,100,000 na hizo gharama, na hapo nimewapa kila senti ambayo sheria ingeweza kuwapa. Ninyi mmeandika 14,400,000. Ningependa kujua hizo milioni kumi na mbili zilizozidi zimetoka kifungu gani, maana mwanangu anasomea sheria na hajakiona.

Hata hizo milioni mbili zilikuwa na msimu wake. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba wa kawaida na miaka 12 kwa pesa zilizowekewa dhamana ya ardhi. Mawakili wanaweza kubishana ni ipi inayofaa baada ya nyumba kuuzwa. Mimi nawaachia mchague mnayoipenda. Mkichukua ile fupi, muda uliisha 2016. Mkichukua ile ndefu, uliisha 2022. Mkitaka ya tatu, itabidi mwende Bungeni.

Mnalijua hilo. Ndiyo maana kabla ya samansi alinipigia kijana wenu mwenye sauti ya asali. "Mzee wangu, dawa ya deni ni kulipa. Wewe tuma hata elfu moja tu kwa M-Pesa, uonyeshe nia njema, tutazungumza." Elfu moja, kwa mtu mnayemdai milioni kumi na nne! Nilikaribia kuguswa na huruma hiyo, mpaka wakili akanisomea kifungu cha 23 cha Sura hiyohiyo: mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, saa ya ukomo huweza kuanza kuhesabu upya. Nia njema iliyotafutwa ilikuwa ya kufufua maiti. Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, katika barua hii sijakiri lolote, na msitafute sahihi yangu chini.

Wala sidhani kwamba mlifungua kesi hii mkitarajia kuishinda kwa hoja. Mlitarajia nisijibu. Wengi hawajibu: mmoja anaogopa, mwingine anaona aibu, mwingine anadhani ni utapeli wa mtandaoni na kuufuta ujumbe. Samansi ikikosa jibu, mnaomba hukumu bila utetezi, na hukumu hiyo inapewa uhai wake wa miaka 12. Deni lililokuwa limekufa linatoka mahakamani likiwa changa. Na utetezi wa ukomo hauji wenyewe. Kanuni zinamtaka mdaiwa autaje bayana katika majibu yake. Asiyejibu hajautaja. Biashara yenu yote hii inategemea kimya cha watu.

Mimi nimejibu. Utetezi umewasilishwa ndani ya muda, ukomo umetajwa katika aya ya kwanza, kifungu cha 44A katika ya pili, na katika ya tatu nimeomba mthibitishe lile salio lililoletwa mbele. Tutakutana mahakamani Milimani. Njooni na faili, kama litapatikana.

Wenu katika kumbukumbu,
Mteja wenu wa zamani
(sahihi imehifadhiwa kwa ushauri wa wakili)

Nakala kwa:
1. Benki Kuu ya Kenya, idara ya usimamizi wa mabenki, kwa taarifa na kwa hatua.
2. Kijana wa sauti ya asali. Elfu moja yako bado ninayo.
3. Wewe msomaji uliyepokea samansi kama hii. Usiifute. Soma tarehe, ujibu kabla ya siku zilizoandikwa kwisha. Dai taarifa kamili ya akaunti tangu shilingi ya kwanza. Usitume pesa wala kutia sahihi popote kabla wakili hajaona. Ikiwa deni ni halali na halijapitwa na muda, lilipe, kwa hesabu ya sheria. Likiwa limepitwa, liseme hilo mahakamani kwa maandishi.