Seva Isiyo na Anwani Bagamoyo

Seva ya kujengea programu ni kompyuta iliyopewa kazi ambayo kila mwanatimu huikwepa: kuchukua msimbo kila unapobadilishwa, kuujenga uwe programu kamili, kuupima, kisha kutangaza mbele ya watu nani kaharibu. Hazina ya msimbo hutunza mabadiliko yenyewe pamoja na jina la aliyeyafanya, kwa hiyo mkosaji hana pa kujificha. Katika ofisi nyingi hazina ni ya Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Seva nayo huendeshwa na Jenkins, kazi ya Kohsuke Kawaguchi iliyoitwa Hudson hadi mwaka 2011, ilipobadilishwa jina kutokana na mvutano na kampuni ya Oracle.

Miongozo hudai kwamba kuviunganisha vyombo hivi viwili ni kazi ya dakika chache. Katika ofisi ya chumba kimoja Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, dakika hizo humalizwa na kutafuta waya wa mtandao.

Hatua ya kwanza ni kuipa seva anwani ya hazina. Anwani ni za aina mbili: ya HTTPS, inayotaka jina na tokeni, na ya SSH, inayotaka ufunguo. Fundi mwenye haraka huchukua anwani ya aina moja na kibali cha aina nyingine, kisha huilaumu kampuni ya simu. Mwingine hufuata video ya zamani na kuandika nywila yake, anakataliwa, anaibadilisha, anakataliwa tena. Nywila haina kosa lolote: GitHub, tovuti inayotunza hazina za Git, iliacha kupokea nywila kwa shughuli za Git tarehe 13 Agosti 2021.

Hatua ya pili ni funguo za SSH, nazo huja mbili mbili. Ule wa umma hupelekwa kwenye hazina. Ule wa siri hubaki kwenye seva. Kila timu ina mtu aliyewahi kuutuma ule wa siri kwenye kundi la WhatsApp, akaongeza na alama ya dole gumba. Asijione peke yake. Mwezi Machi 2023 GitHub wenyewe walilazimika kubadilisha ufunguo wao mmoja wa utambulisho, baada ya nusu yake ya siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina iliyo wazi kwa umma.

Mtego mkubwa wa funguo, hata hivyo, ni akaunti. Fundi hujaribu muunganisho akiwa ameingia kwa jina lake, unakubali, anafunga kompyuta na kwenda soko la samaki kula pweza wa kukaanga. Jenkins kwenye Linux kwa kawaida haifanyi kazi kwa jina la fundi. Ina akaunti yake, na hutafuta funguo kwenye nyumba yake, /var/lib/jenkins, ambamo hakuna mtu aliyeweka chochote. Tena, anayeunganishwa mara ya kwanza huulizwa kama anauamini mtambo wa upande wa pili. Fundi alijibu ndiyo bila kusoma. Seva ikiulizwa haina wa kuijibia, kazi inakwama, na pweza anapoa.

Hatua ya tatu ni tawi, yaani mkondo mmoja wa msimbo ndani ya hazina. Kwa mipangilio yake ya asili Jenkins hutafuta tawi liitwalo master, ilhali hazina mpya za GitHub huanza na main tangu Oktoba 2020. Tawi likikosekana, seva hulalamika, na hiyo ni heri. Balaa ni hazina ya zamani yenye matawi yote mawili: timu inaandika kwenye main, seva inajenga master, na kila asubuhi inatoa alama ya kijani kwa msimbo ambao hakuna aliyeugusa tangu mwaka juzi.

Hatua ya nne ni kuijulisha seva kwamba msimbo umebadilika. Njia iliyo bora ni hazina kupiga hodi yenyewe kila mabadiliko yanapoingia. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba namba, lakini seva iliyo ndani ya nyumba hizo haikunufaika. Mara nyingi ruta na mitambo ya kampuni ya simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hodi ikitoka nje haijui mlango upi. Waungwana huacha kusubiri hodi: huiagiza Jenkins ichungulie hazina kila baada ya dakika tano, kwa mstari mmoja, H/5 * * * *. Mwenye fedha hukodi seva yenye anwani ya wazi.

Baada ya yote hayo hubaki mambo yasiyo ya programu. Uniti za umeme wa LUKU huisha usiku. Umeme ukirudi kwenye kompyuta ambayo betri ndogo ya saa imekufa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na seva hukataa vyeti vya usalama kwa kudai kwamba havijaanza kutumika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa Jenkins unaosaidia.

Basi ukaguzi ufuate mpangilio huu: umeme, saa, intaneti, kisha amri ya git ls-remote, ya kuona kama hazina inafikika, kwa akaunti ya seva yenyewe, kisha jina la tawi, kisha hodi. Aliyeandika msimbo alaumiwe mwisho, na hata hapo aulizwe kwanza kama amekula.