Yah: Mirathi ya Mtoto Aliye Hai

Kwa Waheshimiwa wote mliogawana mtoto,
Dodoma.

Kutoka Mtunda, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani.

Shikamooni. Wengi wenu ni sawa na watoto wangu wa kuzaa, lakini nimeona nianze mimi kuamkia, maana nimeambiwa cheo nacho kina umri wake, na barua isiyoamkia hukwama masijala.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni bibi, mlezi wa wajukuu 5 ambao mama zao wako Mbagala wanatafuta riziki. Barua hii naisema kwa mdomo. Anayeiandika ni mjukuu wangu wa kidato cha pili, ana miaka 15, na umri huo naomba muushike kwa sababu nitaurudia. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati, tena si moja, kwa hiyo lugha ya ofisini inanipita kidogo tu. Najua tofauti ya "limepokelewa", "linafanyiwa kazi" na "liko katika hatua za mwisho". La kwanza maana yake karatasi imefika. La pili maana yake karatasi imefika. La tatu maana yake aliyeipokea amehamishwa.

Sasa mirathi. Huku kwetu mtu akifa, sheikh anakaa mkekani, minazi inahesabiwa, mikorosho inahesabiwa, shamba la bondeni linapimwa kwa hatua, kila mrithi anaondoka na fungu lake. Mtu aliye hai hatumgawi. Nyinyi mmeweza. Mtoto yu mzima wa afya, anakula maembe mabichi kwa chumvi, nanyi mmekwisha mgawana. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ilipotenganishwa na Afya Januari 2022, ilichukua sera. TAMISEMI ikachukua maafisa wa halmashauri wa kuitekeleza sera hiyo, ili sera ikitaka kumwona mtekelezaji wake iombe kwa barua. Elimu ikachukua nyaraka. Polisi wakachukua dawati. RITA, iliyo upande wa Katiba na Sheria, ikachukua cheti cha kuzaliwa. TASAF ikachukua umaskini wake. Mimi nikabakiwa na mtoto mwenyewe, pamoja na tumbo lake.

Sikatai fungu langu. Ninachouliza ni kimoja: miguu kachukua nani?

Maana nimesomewa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni nzuri, ina maneno ya huruma hata nikadhani imeandikwa na mama mzazi. Inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inaipa halmashauri wajibu wa kumlinda, na afisa ustawi wa jamii ndiye mwenye kazi ya kufuatilia mtoto anapoumizwa. Kufuatilia, Waheshimiwa, ni kazi ya miguu. Mmetupa namba 116, mtu anapiga bure. Tunashukuru. Lakini baada ya simu kuna bodaboda, na bodaboda si bure. Wenzetu wa Kiongoroni na Msala, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, hata bodaboda hawana. Wao ni mtumbwi na boti, na safari inapangwa na mwezi mwandamo. Bamvua maji yanakupeleka mpaka kwenye mikoko ya nyuma ya nyumba. Maji mafu unakaa kwenye tope ukihesabu kaa. Sijaona mpango kazi hata mmoja wenye safu ya bamvua na maji mafu. Una safu ya robo ya kwanza, robo ya pili, na "kikwazo". Kwenye kikwazo mnaandika: usafiri. Mnaandika vizuri sana. Na kwamba maafisa ustawi wa jamii hawatoshi mmelikiri wenyewe mara nyingi, hadharani, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mvua.

Neno dawati nalo limetuyumbisha. Mwaka 2016 nchi nzima ilikuwa kwenye kampeni ya madawati, tukajua dawati ni mbao na misumari, watoto wawili au watatu wanakaa. Kisha tukaambiwa polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Jirani yangu akasema alhamdulillahi, hata polisi sasa watoto hawakai chini. Baadaye mashuleni likaja dawati lingine la ulinzi wa mtoto, ambalo nalo halikaliwi. Tumeelewa sasa. Ila mama anayetoka kisiwani na binti aliyelia usiku kucha akiuliza dawati liko wapi, akaambiwa liko wilayani, anaweza kutamani lingekuwa la mbao, labda lingebebwa likamfuata.

Kwa majina hatuwalaumu, mmebarikiwa. Tuna Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, ulioanza 2017/18 na una kamati mpaka kijijini. Tuna na ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, ambayo kwa kweli inafanana na sauti ya mtoto mwenye uji mdomoni. Mjukuu wangu wa mwisho ana miaka 4, ndiye mwenyewe hasa anayelengwa, na bado hajaweza kulitamka. Mwaka 2024 nilifikiwa na habari mbili. Aprili yalikuja mafuriko, Rufiji na Kibiti. Wataalamu wakasema mvua, mitaani wakasema bwawa la umeme kule juu, mimi nikasema mpunga wangu. Mwaka huohuo mkazindua MTAKUWWA ya pili. Maji tayari tumeyapokea.

Na katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa, wanawake wana 4, vijana wana 4, watu wenye ulemavu wana 2. Nimehesabu kwa vidole, mtoto hayumo. Labda anasubiri akue awe kijana, kama akikua.

Ngoja niwaeleze mambo ya ndege, maana hapa ndipo mnapotukamata sana.

Mpunga ukianza kushika maziwa, kwelea kwelea wanashuka bondeni kama moshi. Asiyeamia ndege havuni. Tunahamia dungu, kibanda cha miti juu ya nguzo, tunakaa huko wiki hata miezi, mchana ndege, usiku nguruwe. Watoto wanakuwa huko kwa sababu mlezi yuko huko na chungu kiko huko. Halafu anakuja mtu na kishikwambi anauliza kwa nini mahudhurio ya shule yameshuka, kama vile tumewaficha watoto kwa ubaya. Nilikuwa na miaka 11 maji makubwa ya 1968 yalipokuja. Mwaka uliofuata Serikali ikatuhamisha, Operesheni Rufiji, kutoka bondeni kuja huku juu, tukae pamoja tupate shule na zahanati. Shule ikajengwa juu. Mashamba yakabaki chini, kwa sababu mpunga haukusikia tangazo. Tangu hapo sisi ni watu wa nyumba mbili na mtoto mmoja. Zaidi ya nusu karne mtoto huyo anapanda na kushuka, na kila afisa mpya anashangaa upya.

TASAF wanatoa ruzuku kwa kaya maskini, kwa sharti mtoto ahudhurie shule asilimia 80 ya siku. Sharti jema. Sheria inasema mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Nalo jema. Ndege peke yao hawajaandikishwa popote.

(Mwandishi ananiuliza kama kelele za kufukuza ndege ni kazi nyepesi. Nimemwambia aandike tu.)

Sasa nirudi kwenye ile miaka 15.

Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971, mimi nikiwa na miaka 14. Tumekua pamoja, ni somo yangu. Siisemi vibaya yote. Kwa wakati wake ilikuwa na ujasiri, iliandika hata kwamba mume hana haki ya kumpiga mke, jambo ambalo waume wengi wa huku hawajasomewa mpaka leo. Lakini iliandika pia kwamba mvulana aoe akiwa na miaka 18 na msichana aolewe akiwa na 15, na mahakama ikiridhia hata 14. Mimi niliolewa 1972. Miaka 15 kamili, halali kama chumvi. Mzaliwa wangu wa kwanza yuko chini ya mwembe, hapo nyuma ya nyumba. Nilikaa na uchungu siku tatu.

Leo sheria hiyo ni bibi kama mimi, tofauti yetu ni kwamba mimi nimejirekebisha.

Waheshimiwa, binti huyu anayeandika ni nani? Kwa Sheria ya Mtoto ni mtoto. Kwa Sheria ya Ndoa ni mchumba anayesubiri mzazi akubali. Kwa Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, ni mwanafunzi, na atakayemuoa au kumpa mimba jela miaka 30. Kwa Kanuni ya Adhabu, mwanamume akimwingilia ni ubakaji, isipokuwa kama amemuoa na ana miaka 15 au zaidi, hapo inakuwa maisha ya ndoa. Kwa hiyo kinachomlinda si umri wake, ni sare. Aliyemaliza darasa la saba akafeli, kesho yake sare imevuliwa, na uanafunzi umevuliwa pamoja nayo. Magazeti yameandika mara nyingi kuhusu wazazi wanaowaambia mabinti wajaze majibu ya makosa kwenye mtihani. Mnawaita wajinga. Si wajinga hata kidogo, wamesoma sheria zenu zote nne wakaunganisha.

Februari 2025 mlizindua sera ya elimu inayosema elimu ya lazima iwe miaka 10. Anayeanza akiwa na miaka 6 atamaliza na 16. Nimepiga hesabu na mwandishi wangu mara mbili: mke halali wa mtu atatakiwa kuwa darasani kwa lazima. Mumewe akija kumchukua saa nane mchana, asaini kama mume au kama mzazi?

Msiseme hamkuambiwa. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinakiuka Katiba, mpewe mwaka mmoja mrekebishe. Mkakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikawajibu vilevile. Mkasema mnakusanya maoni. Mwaka 2024 umekwisha sheria ikiwa ileile. Kama bado mnakusanya, langu mnalo, nimeshawaonesha mwembe.

Kwenye mimba nako mlitupandisha na kutushusha. Juni 2017, hapahapa mkoani kwetu, Bagamoyo, Rais wa wakati ule alisema aliyepata mimba harudi shule. Novemba 2021 mkasema anarudi. Nashangilia. Ila wapo waliozaa katikati ya tamko na tamko. Watoto wao sasa wako shule, na mama zao wako nje ya dirisha wakiuza maandazi.

Mtasema bibi naye ana lake, na kweli. Mimi ni kungwi. Nimefunda wali hapa miaka mingi, nimeimba nyimbo ambazo mwandishi wangu hataruhusiwa kuziandika. Kwetu unyago hauna kamati wala robo ya mwaka: binti akivunja ungo anawekwa ndani, anafundwa, anatolewa, ngoma inapigwa, na wanaume wanasimama pembeni wakihesabu. Sasa naona tulikosea kuwaacha wahesabu. Lakini unyago umekosea kwa sauti moja; kila mtu kijijini anajua ulichosema. Nyinyi mko sahihi kwa sauti nne, na binti anayesikiliza hajui aitikie ipi. Mimi nimekwisha sema na makungwi wenzangu tuwafunde baada ya shule, wakishafika 18, na wali wapande ngazi wakiwa na vyeti. Wawili wamekubali, mmoja amenuna, mmoja ameomba muda wa kukusanya maoni. Nimemwambia huko Dodoma wapo wenzake.

Maombi yangu ni machache. Umri uwe mmoja, uandikwe katika vitabu vyote, kwa wino uleule. Afisa ustawi awe na nauli na kalenda ya maji. Msimu wa ndege, mwalimu mmoja ashuke nasi bondeni, dungu tutamjengea sisi, na mbu tutamgawia kwa haki. Na mkutano mwingine wa kujadili mtoto ukipangwa hotelini, posho ya mtu mmoja tu iletwe huku. Itatosha bodaboda wa mashauri mengi.

Ningeendelea, lakini mwandishi ana mtihani wa Hisabati kesho na mafuta ya taa yanakwisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Bibi wa Mtunda.
(Dole gumba)

Nakala: Kwelea kwelea wote wa bonde la Rufiji, ambao kila msimu hufika bila kualikwa wala kulipwa posho.

Imeandikwa kwa mkono wa mjukuu, miaka 15. Hali yake: .................. (Jazeni nyinyi. Bibi amesema nisijaze.)