Mhadhara wa Bingwa: Namna ya Kutangaza Asmini Bila ya Kutoa Hata Senti

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hajafika lakini tunamheshimu hivyo hivyo, masheha, wakulima wa maua wa Dole, Mwera na Bububu, na nyinyi mliofuata soda: assalamu alaykum.

Aliyesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Masoko ya Maua, Unguja na visiwa vyake vidogo vidogo. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nimejitunuku mwenyewe, baada ya kujifanyia usaili mkali na kujiona nafaa. Wapo mahasidi wanaouliza shamba langu liko wapi. Jamani, refa huulizwa amefunga mabao mangapi?

Tuanze na elimu. Mnadhani biashara ya maua ni mambo ya Wazungu? Visiwa hivi vimeuza maua duniani kwa takriban miaka 200, na wenyewe hamna habari. Karafuu ni nini? Ni ua! Ni tumba linalochumwa kabla halijapasuka, likaanikwa juani. Likishachanua, bei yake imekwenda na maji. Na asmini ni hivyo hivyo: huchumwa alasiri ikiwa bado tumba, ili ichanue usiku kwenye nywele za aliyeinunua. Ukingoja ichanue mtini, utauza takataka nyeupe. (Wapemba humu ukumbini watasema karafuu ni yao. Ni kweli kwamba kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha yao imesimama, lakini leo hawamo kwenye ratiba ya wasemaji.)

Sasa, njia za bure. Ya kwanza ni koo. Siti binti Saad, enzi hizo bado akiitwa Mtumwa, alikuwa akitoka Fumba kuja mjini kuuza vyungu. Hakubandika bango, hakuchapisha karatasi. Sauti ilitangulia, vyungu vikafuata; watu walijua anakuja kabla hawajamwona. Mwaka 1928 sauti hiyo hiyo ikamfikisha Bombay kurekodi santuri. Wengi wameandika habari zake, lakini ni mimi peke yangu niliyegundua lililo kubwa: chungu ni kizito, asmini ni nyepesi. Kwa hiyo mkulima wa asmini akiweza kuimba robo tu ya Siti, atauza mara nne yake. Hesabu hii ni mali yangu, msiinukuu bila ya ruhusa.

Njia ya pili ni daladala. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo taaluma ilipo. Unachukua asmini, waridi moja, kijiti cha rihani, kipande cha mkadi, na langilangi iliyoanza kugeuka manjano, maana ikiwa kijani haijakolea. Unavifunga pamoja kwa uzi, kimekuwa kikuba. Kibane kwa pini kifuani, juu ya kanga, kisha upande gari ya Bububu, 502, jioni watu wanaporudi makazini. Kaa mbele, dirishani. Sio nyuma! Upepo huingia mbele ukaelekea nyuma, ukichukua harufu na kuigawa kwa abiria mmoja mmoja, mpaka kwa yule aliyebeba pweza. Gari ikifika Mtoni kila mtu anageuza shingo. Hapo usiseme kitu. Mwenye kunukia hajinadi. Nauli msiihesabu kuwa ni gharama ya matangazo. Nauli ni usafiri.

Njia ya tatu ni ya wanachama waliolipa ada.

Ya nne ni makungwi, na nawaambia kwa uchungu: mkulima aliyegombana na kungwi wa mtaa wake ameshafilisika, ila taarifa haijamfikia. Nani anayeamua kitanda cha bibi harusi kitandazwe asmini pishi ngapi? Bwana harusi? Masikini, hata mlango wa chumba haonyeshwi mpaka aulipie. Ikifika Mfungo Mosi harusi zinapangana foleni, na Mfungo Sita ni maulidi mtaa baada ya mtaa. Mpelekee kungwi kikuba nyumbani kwake, mwamkie, mwambie umekuja kumjulia hali tu. Usitaje biashara. Ataitaja yeye.

Ukitaka wanaume nao wajue, nenda Jaws Corner, kaa barazani, agiza kahawa, umnong'oneze mzee mmoja kwamba mwaka huu asmini zitaadimika, kisha umsihi asimwambie mtu. Kabla ya Isha Malindi wameshajua, na Vuga wameanza kulaumu serikali.

Vijana mtaniuliza habari za WhatsApp. Picha ya asmini hainukii. Nimeinusa simu kitaalamu, ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Hao Wafaransa waliotia langilangi kwenye Chanel No. 5 mwaka 1921 mpaka leo wanatumia fedha chungu nzima kuwaeleza watu kuwa inanukia. Bibi yako aliifutika kwenye kanga tu, na mtaa mzima ukaelewa.

Naam, naona mkono. Shikamoo bibi, lakini nakuomba kikapu kikae chini ya kiti. Hapa ni ukumbini, si Darajani. Swali gani? La, swali la "wewe umeuza mangapi" litajibiwa kwenye mhadhara wa pili. Na nyinyi wa safu ya mbele, hivyo vikuba mmevivaa saa ngapi? Mlipoingia hamkuwa navyo. Hata mshereheshaji! Haya, tulieni. Bibi, kwa madhumuni ya utafiti tu, vimebaki vingapi? Viwili? Basi niwekee vyote viwili, nitakulipa nikishapata posho.