Namna ya Kununua Ekstensheni Kikuubo Bila Kumuudhi Mtu

Fika Kikuubo, jijini Kampala, saa sita mchana, wakati uchochoro umejaa hadi hakuna pa kuweka mguu. Wabebaji wanapita na maboksi ya sabuni kichwani wakikupigia kelele upishe, bodaboda inakugusa visigino kwa gurudumu la mbele, na kila mwenye duka anahudumia watu wanne kwa mpigo. Ni saa nzuri sana kwa ununuzi wa vifaa vya umeme. Muuzaji hana nafasi ya kukueleza, wewe huna nafasi ya kuuliza, na mnaachana marafiki. Ukija saa mbili asubuhi atakuwa na muda wa kujibu maswali, na maswali ndiyo yanayovunja undugu.

Anza na bei. Sema, "Ssebo, ekstensheni ni pesa ngapi?" Naye, kwa adabu ileile, atakurudishia: "Unataka ya pesa ngapi, kasitoma?" Msikilize vizuri. Hajakudanganya na hatakudanganya. Ukitaja elfu kumi atakuletea ya elfu kumi, ukitaja elfu thelathini huenda akakuletea ileile ndani ya boksi lenye picha. Tanbihi kwa wasomaji wa lugha hii: ukiuliza kwa Kiswahili atakudhani umetoka Bunia au Juba kufunga mzigo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kikuubo ilikuwa imeshakipangia bei rasmi.

Sasa soma boksi, kwa sauti ikiwezekana, maana muuzaji hufurahi akiona mteja anasoma. Utakuta ampea 13, volti 250, wati 3,000 na zaidi. Utaona pia alama za ukaguzi za nchi ambazo bidhaa hiyo haijawahi kuzikanyaga. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, lina alama yake ya Q, na lina utaratibu wa kutaka bidhaa zikaguliwe kule zinakotoka kabla hazijapakiwa melini. Ni utaratibu mzuri. Shida ni kwamba wino ni rahisi kuliko shaba, na mtambo unaochapa ampea 13 hauulizi kilichomo ndani ya waya.

Kilichomo ndani ndicho hasa usichotakiwa kukiona. Mtu asiye na haya angeomba wembe, akachuna ncha ya waya, akakwangua unywele mmoja. Shaba halisi ukiikwangua inabaki nyekundu hadi katikati. Alumini iliyopakwa shaba inatoa weupe mara moja, na ukiikunja mara chache inakatika. Alumini ya unene uleule inaupinga umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, na upinzani huo hulipwa kwa joto. Joto lenyewe halipandi pole pole: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo ekstensheni iliyochaji simu mwaka mzima bila neno inaweza kuyeyuka jioni moja tu uliyoamua kuchemsha maji ya mgeni.

Hesabu ni fupi. Birika la wati 2,000 kwenye volti 240 linavuta zaidi ya ampea 8. Ongeza pasi ya wati 1,000 na umekaribia 13, ambazo ndizo mwisho wa plagi. Waya wa milimita za mraba 0.75 umekusudiwa ampea 6 hivi: taa, redio, televisheni. Wa kubeba 13 unaanzia 1.25, na mwenye busara huchukua 1.5. Vipimo hivi huchapwa juu ya ganda la waya, na hapo pia wino ni rahisi. Ganda lenyewe ni nene na linang'aa, kwa sababu plastiki nayo ni rahisi. Mnunuzi hulibinya kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalipa.

Kuna utovu wa adabu mkubwa zaidi, nao nautaja ili uuepuke. Kikuubo ni soko la jumla, na pande zote umezungukwa na mizani ya sukari na mchele. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Mita tano za waya wenye nyuzi tatu za milimita za mraba 1.5 zina shaba tupu ya takriban gramu 200, kabla hujahesabu plastiki. Mtu asiyejua kuishi na wenzake anaweza kuchukua ekstensheni yenye maandishi hayo, akavuka kwa muuza sukari jirani, akasema, "Nnyabo, nipimie hii." Ikiwa ekstensheni nzima, pamoja na plagi na soketi zake, haifiki hata hizo gramu 200, majirani wawili watakuwa wamekosana kwa sababu yako. Usifanye.

Wala usiende na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku, alumini vilevile, na pini za plagi zikiwa za shaba nyeupe hazishikwi pia. Sumaku iking'ang'ania, basi hicho ni chuma kilichovishwa rangi, na utajikuta umesimama dukani na plagi inaning'inia mkononi huku watu wanatazama.

Pini tatu bapa tulizirithi kwa Waingereza, Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, na urithi huo una mambo mawili ambayo mteja mstaarabu hayaangalii. La kwanza ni fyuzi, ambayo inatakiwa kuwemo ndani ya plagi ili ikatike kabla waya haujaungua. Plagi nyingi za bei ya kirafiki hazina mahali pa kuiweka. La pili ni pini ndefu ya juu, ile ya ethi. Pini mbili za chini huvishwa plastiki nusu yake ili kidole kisiguse moto plagi ikiwa imechomoka kidogo. Ile ya juu inatakiwa iwe metali tupu kuanzia shinani hadi nchani. Ukiiona nayo imevishwa plastiki, fundi wa kiwanda hicho alinakili bila kuelewa, na ethi yako inaweza isiguse kitu. Ukiiona ni plastiki tupu, alielewa vizuri sana.

Watu wa Kampala wameishusha ethi cheo siku nyingi. Kazi yake inayojulikana ni kuchomekwa kalamu ya biki ili vile vifuniko vya ndani vifunguke na plagi ya pini mbili iingie. Ndiyo maana soketi ya mataifa yote, yenye matundu ya kila umbo, inauzwa kuliko nyingine: inapokea pini za Kongo, za Kichina, za Kiingereza na kidole cha mtoto, maana vifuniko haina.

Kwa mwenye boti Ggaba au Munyonyo anayetaka kuvuta umeme wa nchi kavu hadi kwenye friji ya bia, mwongozo huu unamhusu neno kwa neno. Huko Marekani chombo hufungwa na gati kwa waya mnene wa manjano wa ampea 30, wenye kichwa kinachozungushwa kikafunga, na wamiliki huuzungumzia kwa hofu. Sababu ni kwamba umeme ukivujia majini na ethi haipo, aliye hatarini ni mwogeleaji. Maji ya ziwa ni mabaya zaidi kuliko ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko mwili wa mtu, lakini katika maji baridi mwili ndio njia rahisi. Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, ni la maji baridi, na fukwe zake Jumapili hujaa waogeleaji. Mwenye boti akinunua ile ya elfu kumi, basi angalau aizungushie selotepu nyingi, watu waone amejali.

Ukifika nyumbani, acha waya umejikunja kama ulivyotoka dukani, unapendeza. Joto la mizunguko iliyobanana halina pa kutokea, na ekstensheni za kuzungushia kwenye ngoma zilizo halali huandikwa viwango viwili, kimoja cha waya uliofunguliwa wote na kingine, kidogo zaidi, cha uliokunjwa. Yako haitakuwa na cha pili. Moto ukitokea, lawama ina mwenyewe: zamani ilikuwa ya kampuni iliyoitwa Umeme, na tangu tarehe 1 Aprili 2025 shirika la serikali, UEDCL, limerithi nguzo, mita na lawama.

Risiti usiombe. Ukiiomba bei itapanda, na utakuwa umefufua habari za mfumo wa kodi wa risiti za kielektroniki, EFRIS, ambazo mwezi Aprili 2024 ziliwafanya wafanyabiashara wafunge maduka mjini.

Wakati unahesabiwa chenji, inama uchungulie chini ya kaunta. Kuna birika linachemka pale, kuna simu tatu na feni, na vyote vinakula kwenye ekstensheni moja nyeusi, nzito, isiyo na picha wala boksi.

"Na hiyo?"

"Hiyo si ya kuuza, ssebo. Hiyo ni yangu."

Muulize alikoipata, naye hatakuficha. Atakuelekeza ghorofani kwa mtu anayekata waya kwa mita, na fundi mwenye bisibisi atakayekufungia plagi yenye fyuzi na soketi yenye shaba nyeupe ndani, huku akiuacha uzi wa ethi mrefu kidogo kuliko wenzake ili ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Utalipa mara kadhaa ya ulichokuja nacho. Aliyekuelekeza hana hasara yoyote. Nyuma yake ameweka boksi zima kwa ajili ya wenye adabu.